Ndugu Wanamuziki na Maneno ya Mezani: Safari ya Msamiati kati ya Moshi na Kiswahili Sanifu



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu inatokana na jambo la kawaida kabisa katika maisha ya Afrika Mashariki. Bendi ya muziki, hususan ile iliyoundwa na ndugu wa familia moja, husafiri kwenda kupiga muziki katika mji usio wake, na huko hukaribishwa kwa chakula cha wenyeji. Mwanahistoria wa muziki atauliza bendi hiyo ilipiga nini. Mwanaisimu hana budi kuuliza swali jingine: bendi ilipofika iliacha maneno gani, na ilipoondoka ilibeba maneno gani?

Nimeteua mji wa Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro kuwa uwanja wa mjadala wetu kwa sababu mbili. Kwanza, hapa ndipo ilipotoka mojawapo ya bendi za ndugu za mwanzo kujulikana katika muziki wa Kiswahili wa bara. Pili, jamii ya Wachaga ina utamaduni wa chakula ulio tajiri kwa majina, na baadhi ya majina hayo yamekwisha kuingia katika Kiswahili cha watu wengi huku mengine yakififia nyumbani kwao. Ninakusudia kuonesha kwamba mwanamuziki msafiri na mpishi mwenyeji ni wakuzaji wa lugha sawa na mwandishi na mwalimu. Ninakusudia pia kuonesha kwamba sisi watunga kamusi tumewasikiliza wawili hao kwa sikio moja tu.

2.0 Ndugu walioteremka mlimani

Katika miaka ya 1950, Frank Humplick wa Moshi aliimba pamoja na dada zake wawili, Thecla na Maria Regina. Walijulikana kwa jina la Frank na Dada Zake. Muziki wao ulikuwa mwepisi: gitaa lililodonolewa kwa vidole, na sauti tatu za watu waliokulia nyumba moja zikipandiana bila kusukumana. Wakati huo studio za kunasia muziki zilikuwa Nairobi, kwa hiyo sauti zao zilisafiri kutoka mlimani kwenda jijini, kisha zikarudi nyumbani zikiwa kwenye santuri. Waliimba kwa Kiswahili na kwa Kichaga. Frank alitunga pia wimbo uliohusishwa na harakati za kudai uhuru wa Tanganyika. Katika miaka ya karibuni nyimbo zao zimekusanywa na kutolewa upya nchini Marekani, na vijana ambao hawajawahi kukanyaga Moshi sasa wanazisikiliza.

Kwa nini ndugu hawa, wenye Kichaga chao, waliimba pia kwa Kiswahili? Jibu la haraka ni soko. Jibu hilo ni kweli, ila halitoshi. Kichaga si lugha moja iliyo sawa kutoka ukingo mmoja wa mlima hadi mwingine. Derek Nurse, katika uchunguzi wake wa mwaka 1979, alikieleza kuwa ni kundi la lahaja zinazobadilika kidogo kidogo unapotoka Machame upande wa magharibi, ukapita Kibosho, Old Moshi na Vunjo, hadi Rombo upande wa mashariki. Jirani na jirani huelewana, lakini mtu wa Machame na mtu wa Rombo wanaweza kukutana sokoni wakalazimika kuzungumza Kiswahili. Kwa hiyo wimbo wa Kiswahili haukuwa kwa ajili ya mtu wa Tanga au Mombasa peke yake. Uliwafikia pia Wachaga wenyewe, wote kwa pamoja.

Jina la kundi hilo nalo lina la kutufunza. Tunasema dada zake, wala hatusemi *dada wake, ingawa dada ni binadamu na kitenzi chake huchukua upatanisho wa viumbe hai: dada zake waliimba. Majina ya ukoo kama baba, mama, dada, kaka na shangazi hufuata ngeli ya I-/ZI- katika umilikishi, na hufuata ngeli ya A-/WA- katika kitenzi. Nawaomba wanafunzi waukumbuke uwili huu, kwa maana tutakutana nao tena pale tutakapomkuta mbuzi wa harusini.

3.0 Ndugu waliopanda kwenda kaskazini

Safari ya pili ni ya upande wa pili. Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walianza kujulikana Tanga, wakiwa na Jamhuri Jazz, katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na huko wakashirikiana na ndugu yao William katika Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka wakaingia Kenya, na bendi yao ikawa Simba Wanyika, ambayo mwaka 1978 ilizaa Les Wanyika baada ya baadhi ya wanamuziki kujitenga. Kiswahili cha nyimbo zao ni cha watu wa pwani kilichopitishwa kaskazini mwa Tanzania na kusikilizwa Nairobi. Mtu atokaye Tanga kwenda Arusha kwa barabara hana budi kupita Moshi.

Njia hiyo ilikwisha kufunguliwa zamani. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikateremsha bidhaa za pwani na kupakia mazao ya mlimani. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU. Kahawa ilileta fedha taslimu. Mji wenye fedha huvuta mafundi, wafanyabiashara na wanamuziki, na wote hao hukutana katika Kiswahili. Kabla ya hapo wamisionari walikuwa wamekwisha kuleta muziki wa ala za shaba. Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, na hadi leo vikundi vya matarumbeta ni sehemu ya ibada na ya maandamano ya harusi katika makanisa ya Kilutheri ya ukanda huo.

Kila Desemba safari hii hujirudia kwa namna yake. Wachaga walio Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma hurudi nyumbani kwa Krismasi, na Watanzania wengine huwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Huduma ya treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi, ilirejeshwa Desemba 2019, na msimu wenyewe ulikuwa huo huo. Watu wanapopanda, muziki hupanda nao. Harusi, ubarikio na ubatizo hufanyika katika majuma hayo machache, na bendi hupata kazi. Mpiga gitaa aliyetoka Dar es Salaam hukaribishwa chakula kabla ya kufungua mkoba wa ala yake, na hapo ndipo somo letu linapoanzia.

4.0 Mezani: majina na ngeli zake

Mgeni huyu anaandaliwa vitu ambavyo lugha yake haina majina yake. Kuna mtori, ambao ni ndizi zilizopikwa na nyama ya ng'ombe kisha zikapondwa hadi zikawa supu nzito. Kuna machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama zikabaki vipande. Kuna kiburu, mchanganyiko wa ndizi na maharage. Kuna kisusio, supu inayotiwa damu ya mbuzi. Kuna ndafu, mbuzi aliyechomwa mzima. Kuna mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi. Mgeni hatafsiri. Anauliza jina, analirudia, anakula, na akirejea kwao anasimulia akitumia jina lile lile. Ukopaji wa msamiati, katika hali yake ya awali kabisa, ni kitendo hicho.

Tuangalie sasa namna maneno haya yanavyopokewa na sarufi ya Kiswahili. Mtori umeingia ngeli ya U-/I-: mtori huu umepoa. Umekaa karibu na mchuzi na mchele, majina ya vyakula ambayo wingi wake hutumika kwa nadra. Kiburu na kisusio vimeingia KI-/VI-. Mbege imeingia I-/ZI-, kwa kuwa mwanzo wake wa mb- unafanana na ule wa mboga na mbegu. Machalari yamekubaliwa kama maji na maziwa, jina la wingi lisilo na umoja. Hakuna kamati iliyokaa kuyapangia maneno haya ngeli. Umbo la mwanzo wa neno lilitosha, kwa sababu Kichaga na Kiswahili ni lugha za Kibantu na viambishi vyake ni vya ukoo mmoja.

Linganisha na maneno ya muziki yaliyotoka mbali. Bendi ilibidi iongezwe irabu mwishoni. Tarumbeta lilibidi liingiziwe irabu kati ya konsonanti zilizokuwa zimeshikana. Gitaa bado linayumba: wengine husema gitaa hili na magitaa, wengine gitaa hii na gitaa hizi. Neno la Kibantu huingia kama ndugu aliyerudi nyumbani, na neno la kigeni huingia kama mpangaji, ingawa baada ya miaka wote wawili hulala chini ya paa moja.

Hata hivyo, ndugu naye hupoteza kitu. Kichaga ni lugha ya toni, ilhali Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Jina linapohamia katika Kiswahili, toni zake hubaki mlimani. Na palipo na maneno yanayokaribiana, mzaha huzuka: mgeni asiyezoea anaweza kuomba kiburi badala ya kiburu, na wenyeji watamjibu kwamba cha kwanza amekwisha kuja nacho.

Jina gumu zaidi kisarufi ni ndafu. Je, tuseme ndafu ya harusi au ndafu wa harusi? Nimeyasikia yote mawili, na kwa maoni yangu la pili lina mantiki ya ndani ya Kiswahili chenyewe. Tunasema kuku wa kuchoma na samaki mkubwa hata pale kuku na samaki hao wako sahanini, kwa sababu jina la mnyama hubeba uhai wake wa kisarufi mpaka mezani. Uhai huo hupotea pale tu tunapotaja nyama: nyama ya kuku, nyama ya mbuzi. Ndafu huletwa akiwa mzima, amesimamishwa kama alivyokuwa malishoni, na bado ni mbuzi, hajageuka kuwa nyama. Atakapokatwa vipande ndipo atakapoingia I-/ZI-. Siku hizi washereheshaji humwita keki ya asili, na maharusi humkata na kulishana. Uwili tuliouona katika dada zake umerudi kwa sura nyingine: Kiswahili kinaweza kulihesabu jina moja katika ngeli mbili, kwa kufuata uhusiano unaotajwa.

5.0 Jina lililosafiri bila maana yake

Kupokea jina ni kazi rahisi, kazi ngumu ni kupokea maana. Tukifasili mbege kuwa ni pombe ya ndizi na kuishia hapo, tutakuwa tumesema kweli nusu. Ndizi mbivu huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa. Ulezi huoteshwa ukawa kimea, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Viwili hivyo huchanganywa, na ukali wake hutokana na gome la mti uitwao msesewa. Ukiondoa ulezi, hiyo si mbege. Aidha, mbege hunyweka katika posa, matambiko na usuluhishi, na mtu anayenyimwa kata yake amenyimwa zaidi ya kinywaji. Fasili isiyotaja ulezi wala mahali pa kinywaji hicho katika jamii ni sawa na kumweleza Frank kuwa ni mtu aliyepiga gitaa, bila kutaja dada zake.

Mtori nao umepata maana mpya barabarani. Leo unauzwa asubuhi na mama lishe wa Dar es Salaam, mahali ambapo wanywaji wengi hawajui Kichaga hata neno moja. Nyumbani kwao ni pia chakula cha mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, ili apate nguvu na maziwa. Kamusi nzuri ingeziandika maana zote mbili na kuonesha ipi ilitangulia.

Mfano wa tatu ni jani la sale, ambalo halipikwi. Mmea huu hupandwa kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga lenye migomba, kahawa na miti mirefu kwa pamoja. Aliyekosa akimpelekea jani hilo aliyemkosea, anaomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Neno hili likifasiliwa kwa jina la mimea la kitaalamu peke yake, tutakuwa tumeuhifadhi mmea na kuipoteza taasisi.

6.0 Kilicho hatarini

Kwa miongo mingi watoto wengi wa Moshi mjini, na sasa hata wa vijijini, wanakua wakizungumza Kiswahili na wazazi wao. Wajukuu wanaokwenda kuhesabiwa Desemba humwamkia bibi kwa Kiswahili, na bibi hujibu kwa Kiswahili. Jambo hilo ni ushindi wa lugha yetu ya taifa, nami siwezi kulilalamikia. Lakini tuangalie kinachookolewa na kinachoachwa. Nadharia ya ukopaji inatufundisha kwamba nomino hukopwa kwanza, na vitenzi hukopwa kwa shida. Kiswahili kimechukua mtori, mbege na ndafu. Hakijachukua vitenzi vya kuponda, kuchachusha na kugawa vilivyoandamana na majina hayo. Hakijachukua pia majina mengi ya aina za ndizi. Mnunuzi sokoni anajua ndizi mshare kwa kuwa ndiyo ya kupika, ilhali mwenye kihamba hutofautisha za kupika, za kutengeneza mbege, za kuchoma na za kula zikiiva, na kila moja ina jina lake katika lahaja yake.

Mwaka 2011 mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, katika miteremko ya mlima huu, ulitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia nzima. Migomba imepata mlinzi. Majina yake yanalindwa na nani? Vihamba vinagawanywa kwa warithi hadi vinakuwa vidogo mno, vijana wanatafuta riziki mijini, na mwenye kuyajua majina ya ndizi kwa kuziangalia tu ni mzee anayepungua mwaka hadi mwaka.

Ipo hoja dhidi yangu ambayo inastahili jibu. Baadhi ya wenzangu husema kwamba maneno haya ni ya kikabila, na kwamba Kiswahili Sanifu kikifungua mlango kwa kila jiko kitapoteza usanifu wake. Nawaomba watazame maneno tunayoyatumia ndani ya jengo hili. Ngeli, istilahi ya msingi ya taaluma yetu, imetoka Kihaya. Kitivo, mahali tunapofundishia, kimetoka katika lugha za Upare na Usambara. Ikulu imetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Usanifu haukuvunjika kwa maneno hayo, bali ulipata nguvu. Swali basi si kama Kiswahili kikope kutoka lugha za Watanzania, kwa kuwa kimekwisha kukopa. Swali ni kwa nini tumeyakaribisha kwa heshima maneno ya ofisini na kuyaacha ya jikoni yasimame mlangoni.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Napendekeza mambo manne. Kwanza, fasili ya jina la chakula itokane na mpishi. Mtafiti akae jikoni toka mwanzo hadi mwisho wa pishi kabla ya kuandika mstari mmoja. Pili, maneno yakusanywe kwa familia: jina la chakula, vyombo vyake, vitenzi vyake, hafla zake, na lahaja ya Kichaga ambamo neno lilichukuliwa. Tatu, kidahizo kioneshe lugha chasili, ili mtoto wa Rombo akifungua kamusi aone kwamba bibi yake alichangia. Nne, nyimbo zitumike kama ushahidi wa kileksikografia. Santuri ya miaka ya 1950 ni hati. Inatuonesha neno lilivyotamkwa, katika sentensi ya aina gani, na kabla ya mwaka gani lilikuwa limekwisha kutumika. Watunga kamusi wetu wameyatumia mashairi ya pwani kwa namna hiyo, na ni sawa. Muziki wa dansi haujapewa nafasi hiyo ingawa umesikilizwa na watu wengi kuliko vitabu.

Kwa wanafunzi mnaotoka miteremko ya Kilimanjaro, ninayo kazi mahususi, na haihitaji ruzuku ya utafiti. Desemba ijayo mtakapopanda nyumbani, chukueni daftari. Muulizeni bibi majina ya ndizi zote zilizo kihambani, moja moja, akizionesha kwa mkono. Muulizeni kila kitenzi cha kutengeneza mbege. Muulizeni nyimbo zilizopigwa siku ya harusi yake, na chakula kilichoandaliwa kwa wapigaji. Andikeni tarehe, kijiji na lahaja. Wale mnaotoka kwingineko, lipo jiko linalowasubiri pia, Songea, Bukoba, Lindi au Pemba.

Bendi ya ndugu ikimaliza kazi huondoka na malipo yake, na wimbo hubaki kwa wenyeji. Chakula nacho huliwa kikaisha, na jina lake huondoka na wageni. Mabadilishano haya yamekijenga Kiswahili kwa muda mrefu bila sisi kuyasimamia, na yataendelea tukiwepo au tusipokuwepo. Wajibu wetu ni kuyaandika kwa ukamilifu wakati wenye kuyafahamu wangali wanaweza kutusahihisha.